Isale Lililopelekwa Polisi

Mmeniomba niwaambie siri ya kazi yetu, na nawaona mmenielekezea simu mkinirekodi, mkidhani nitaanza na vifungu vya sheria. Vifungu mnavyo. Siku hizi wakili anabonyeza kidole tu, hukumu za nchi nzima zinamwagika mapajani kwake. Mimi nitaanza na viatu.

Viatu vyangu vya mahakamani vilikuwa vya rangi mbili, vyeusi kwa vyeupe, na alinitengenezea fundi mmoja wa Majengo. Kila aliponikabidhi jozi mpya alisoma dua kwanza, maana alisema hajawahi kuona mtu mzima anayevaa vile kwa hiari yake. Juu ya viatu, suti. Ndani ya suti, bitana nyekundu, ambayo haionekani mpaka mvaaji anyanyue mkono, na mimi nilihakikisha nanyanyua mkono. Nilikuwa na kofia pana na fimbo, ingawa miguu yangu ilikuwa mizima kabisa. Mji wa Moshi ukaniita Wakili Tausi. Kina mama walikuwa wakitoka sokoni na vikapu vyao wanachungulia kwa karani wa mahakama: "Leo Tausi anacheza?" Kama vile kuna mpira.

Msinicheke. Nyinyi na hizo suti zenu za kubana, mkipiga chafya vifungo vinaruka.

Nimetetea kila aina ya mtu kwenye mlima huu na chini yake. Nimetetea mtu aliyemng'ata askari, na nimetetea askari aliyemng'ata mtu, ingawa si siku moja. Nimetetea bwana mmoja wa Kwa Sadala aliyeshtakiwa kwa kuuza ng'ombe mmoja kwa watu watatu. Wote watatu walikuwa wamemlipa na wote walikuja mahakamani na kamba. Lakini leo nataka kuwasimulia kesi moja tu, ya mama mjane ambaye uhuru wake ulining'inia kwenye jani. Nikiwasimulia hiyo, mengine mtayajua wenyewe. Ila kwanza lazima mumjue aliyenifundisha, na lazima mjue habari ya gunia, maana bila gunia yule mama angefungwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja Majengo, nyuma ya duka la vitenge, na mteja alipita katikati ya majora kumfikia. Alivaa koti moja jeusi miaka yote. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata mahakimu walilazimika kuinama mbele ili wamsikie, na mtu aliyeinama kukusikiliza, wanangu, tayari ameshaanza kukubaliana na wewe. Mimi nilinguruma, yeye alinong'ona, na yeye ndiye aliyekuwa anashinda. Aliniambia, "Kijana, ngoma ikilia sana hupasuka." Nikamjibu kwamba ngoma isiyolia haina wachezaji. Akanitazama, akaendelea kula karanga zake.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikanichosha: "Ukishapata ulichotaka kwa shahidi, kaa chini." Mimi nilidhani ni ushauri wa mtu mwenye maumivu ya magoti.

Sasa gunia. Kijana mmoja wa Chekereni alishtakiwa kwa kuiba gunia la mpunga. Ilidaiwa alilibeba begani kutoka kwenye uwanja wa kupigia mpunga hadi kwao. Mteja wangu alikuwa mwembamba, unaweza kumhesabu mbavu akiwa amevaa sweta. Nikasema, hapa Tausi atatandaza mkia! Nusu saa nzima nilimweleza hakimu udhaifu wa kijana huyu. Nikasema hana nguvu, hana kifua, upepo ukishuka kutoka mlimani unamyumbisha. Gunia lenyewe lilikuwa palepale mahakamani kama kielelezo. Nikanyanyua mkono, bitana ikaonekana, nikasema, "Mheshimiwa, naomba mshtakiwa ajaribu kulinyanyua, mahakama ijionee."

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kwenye mabenchi ya nyuma alikaa binti aliyekuwa akimchumbia, na pembeni ya binti alikaa mama mkwe mtarajiwa. Nusu saa nzima wanawake wale wawili walikuwa wakinisikia nikisema kwamba huyu si mwanaume, ni unyoya. Kijana akainama. Akalitupa gunia begani kwa pigo moja, akanyooka, akageuka upande wa mabenchi wamwone vizuri, kisha akauliza, "Niliweke wapi, Mheshimiwa?"

Hakimu alifunika uso kwa faili, mabega yakawa yanatikisika. Kijana alifungwa, kifungo kifupi namshukuru Mungu, akatoka, akamwoa yule binti. Hadi leo akiniona sokoni ananishangilia kuliko watu niliowatoa gerezani.

Nilirudi Majengo nimekunja mkia. Mzee Shabani hakunikaripia. Alisema tu, "Ulimvunjia heshima mbele ya mkwe. Ulitegemea afanye nini? Siku nyingine, kabla hujamfanyisha mtu mchezo mbele ya watu, tazama kwanza anamwonea nani haya." Nikaapa sitafanya tena onyesho mahakamani. Kwa miaka kadhaa nilibaki na viatu tu.

Haya. Mama Felista.

Alikuwa mjane wa Kibosho, mfupi, mwenye maneno machache na mikono mikubwa ya kazi. Alikuwa akiuza ndizi, na akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo wazee walisema ukiinywa unaweza kumsamehe hata shemeji yako. Bahati mbaya shemeji yake ndiye aliyemshtaki. Mzee Kanuti, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, waliyepakana naye kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo kwa shamba la ukoo, alikuwa na beberu la mbuzi. Alilifuga ndani ya nyumba kama tunavyofuga huku mlimani, likiletewa majani mpaka mlangoni, na kila alipokaa kwenye mbege alilisifia hadi watu wakawa wanabadilisha kilabu. Asubuhi moja beberu halipo. Wakatafuta. Ngozi ikakutwa kwenye migomba ya Mama Felista.

Kanuti akaenda polisi. Mama Felista akakamatwa, akalala mahabusu, kisha akapata dhamana. Na msidhani wizi wa mbuzi ni mzaha. Kwa sheria yetu wizi wa mifugo unampeleka mtu ndani miaka ya kutosha wajukuu kuisahau sura yake.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomnyima usingizi kuliko hata gereza. Binti yake Neema alikuwa amechumbiwa. Kwa kuwa baba mtu amefariki, wa kusimama upande wa baba, kupokea mahari na kumtoa binti, ni kaka wa baba. Ni Kanuti. Bila Kanuti, posa imekufa, na wakwe hawaji kukaa kwenye nyumba ambayo ukoo wake wenyewe umegoma kuingia.

Basi Mama Felista akafanya kile ambacho mama yake angefanya. Alikata isale.

Nyinyi mliozaliwa mjini mnaliona kwenye makopo ya maua na hamjui mnachokiona. Isale ni ule mmea wa majani marefu unaoota kwenye mipaka ya vihamba vyetu. Mkikosana na mtu, unakata isale, unalifunga fundo, unatafuta mzee wa ukoo akusindikize, unampelekea. Huna haja ya maneno mengi. Na yule unayempelekea hana ruhusa ya kulikataa, hata kama umemuua nani. Akilikataa, watu wanasema balaa litamgeukia yeye, na hata asiyeogopa balaa anaogopa watu. Kwa hiyo Mama Felista akaenda na mzee wa ukoo, akamwambia, "Shemeji, nimekuja na isale. Haya mambo yaishe, tumwoze mtoto." Kanuti akalipokea kwa mikono miwili. Wakanywa mbege kwenye kata moja ya kibuyu, Mama Felista akarudi nyumbani akilia kwa furaha, akijua yameisha.

Kesho yake Kanuti akalibeba lile isale mpaka kituo cha polisi.

Yeleuwi! Nilipoambiwa habari hiyo ofisini, nilisimama nikakaa tena. Kwenye mlima huu nimesikia watu wakiiba, wakipigana, wakichomeana maghala. Sijawahi kusikia mtu aliyepelekewa isale akalipeleka polisi. Kibosho nzima ikamsusa Kanuti. Kanisani alibaki peke yake kwenye benchi. Na upande wa mashtaka ukafurahi sana, maana mwendesha mashtaka, Inspekta mmoja mnyoofu aliyetoka kusini, alielezwa kwamba isale ni la kuomba msamaha, na akapiga hesabu yake: anayeomba msamaha amekosa, na aliyekosa ameiba. Isale likawekwa kwenye bahasha, likaandikwa Kielelezo.

"Mwanangu," Mama Felista aliniambia, "mimi sikuiba. Nilitaka amani. Sasa amani yangu ndiyo inanifunga?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Huo ndio uongo ambao wakili husema kila wiki, na ambao humnyima usingizi kila wiki.

Siku ya kesi nilivaa kila kitu. Hakimu alikuwa mama mmoja kutoka kanda ya ziwa, mpole, lakini asiyependa mbwembwe. Aliniuliza kama fimbo nimeandikiwa na daktari. Mabenchi yalijaa ukoo mzima wa kina Kanuti, wamama wenye vitenge vya kanisani, na katikati yao yule mzee wa ukoo aliyemsindikiza Mama Felista, amekunja mikono. Mama Felista mwenyewe alisimama kizimbani ameshika rozari. Kanuti akatoa ushahidi wake akitazama vidole vya miguu yake. Beberu lilipotea. Ngozi ilionekana. Isale aliletewa. Alisema hayo matatu kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Nikasimama kwa maswali ya dodoso.

"Mzee Kanuti, shikamoo."

"Marahaba."

"Hebu ieleze mahakama, isale ni nini?"

"Ni jani."

"Jani la nini?"

"La isale."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana wakili lazima acheke kabla hajachekwa. "Linatumika kwa kazi gani, mzee wangu?"

"Linaota mpakani."

Nilimzunguka kushoto, nilimzunguka kulia. Hakusema. Uvumilivu ukaniisha, nikageuka kwa hakimu, nikanyanyua mkono na bitana yake, nikaanza kueleza mwenyewe mila ya isale tangu mababu, kwa ufasaha ambao hadi leo nikiukumbuka najipongeza. Inspekta akasimama. "Mheshimiwa, mwenzangu anatoa ushahidi akiwa kwenye meza ya mawakili. Kama anataka kuwa shahidi, apande kizimbani."

Na alikuwa sahihi! Shikeni hilo, ni la bure: wakili hana mdomo wa ushahidi, mdomo wake ni shahidi. Hakimu aliniambia nikae, kisha akaahirisha kidogo watu wakanywe chai. Nilitoka nje jasho limelowanisha kola. Nilimwona Mama Felista ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayekuna kichwa, na moyo uliniuma kwelikweli, siwafichi.

Mzee Shabani alikuwa nje kwenye benchi. Alikuwa ameshastaafu, lakini alipenda kuja kusikiliza kesi, na kikombe chake cha kahawa na kashata.

"Umesema sana," alisema.

"Yeye hasemi kabisa."

"Anamwonea nani haya?"

Nikageuka, nikawatazama wale wamama wa vitenge wakitoka, na yule mzee wa ukoo akipita mbele ya Kanuti bila kumsalimia. Kanuti alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta kama mtu mwenye ndui. Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia bustani ya maua ya mahakama. Mtu mmoja, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa amepanda masale kuzunguka mlingoti wa bendera.

Nikatoa kisu changu kidogo cha kumenyea machungwa, nikakata moja.

"Wakili!" mtunza bustani akapiga kelele. "Hiyo mali ya serikali!"

"Narudisha," nikamwambia.

Nikalifunga fundo. Isale si kitu cha kuchezea, na mama yangu mzazi angekuwa hai angenizaba kofi palepale mbele ya bendera. Tena nilijua hatari yake. Kama Kanuti angelikataa mbele ya hakimu, basi ningekuwa nimethibitisha mwenyewe kwamba isale ni jani tu, na Mama Felista ningemfungia mlango wa gereza kwa mkono wangu.

Mzee Shabani aliliona, akaelewa. "Umesahau gunia?"

"Sijasahau."

"Basi ukishapata..."

"Nakaa chini, Mzee. Nakaa."

Nikampa ashike kofia. Nikampa na fimbo, maana isale linashikwa kwa mikono miwili.

Kesi ikaendelea. Nilimsogelea Kanuti kichwa wazi, bila kupaza sauti. Nikanyoosha mikono miwili na lile isale, nikasema, "Meku, naomba unisamehe." Meku ndivyo tunavyomwita mzee kwa Kichagga.

Nyuma kabisa mama mmoja akasema, "Yesu Maria!"

"Wakili," hakimu akauliza, "unafanya nini?"

"Namuuliza shahidi swali, Mheshimiwa. Ila swali lenyewe lina majani."

Inspekta aliinuka nusu, akashindwa kupata sababu ya pingamizi, akabaki ameinama vilevile. Kanuti alilitazama isale. Akawatazama wale wamama. Akamtazama mzee wa ukoo, ambaye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anamtazama yeye. Mikono yangu ilianza kuchoka. Nilisikia punje za rozari ya Mama Felista zikigongana. Nikasema moyoni, Tausi, leo umejinyonyoa mwenyewe.

Kanuti akanyoosha mikono, akalipokea.

"Umenisamehe?" nikamuuliza.

"Nimekusamehe."

"Nimekukosea nini, meku?"

Akafikiri. "Hujanikosea kitu. Hata hatufahamiani vizuri."

"Sasa kwa nini umelipokea?"

"Isale halikataliwi," alisema, kana kwamba anamweleza mtoto mdogo. "Na anayelileta haulizwi kosa. Anataka amani."

Wanangu, nilikuwa na maswali mengine ya kutosha, mazuri mno! Nilikuwa na swali la ngozi, nilikuwa na swali la migomba, nilikuwa na kauli ya Kilatini niliyoihifadhi kwa wiki mbili. Ulimi uliniwasha. Bitana yangu nyekundu ilikuwa inaniomba. Nikamwona Mzee Shabani mlangoni, ameshika kofia yangu kifuani kama mtu aliye msibani.

Nikakaa chini.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akamwambia Kanuti, "Asante mzee, unaweza kushuka." Kanuti hakushuka. Alisimama palepale na isale mkononi, akamgeukia Mama Felista.

"Mama Neema," alisema. "Lile lako sikulipeleka polisi wakufunge."

"Shahidi," Inspekta akaanza, lakini hakimu akamwonyesha kiganja anyamaze.

"Nililipeleka wajue yameisha," Kanuti akaendelea. "Nilikwenda nikamwonyesha askari, nikamwambia, afande, shemeji yangu ameleta isale, nimelipokea, basi yameisha, lifuteni hilo jambo. Akaniambia, asante mzee, sasa ushahidi umekamilika. Akaliweka kwenye bahasha. Nikamwomba anirudishie, akasema ni mali ya mahakama."

Hakimu aliacha kuandika.

"Na beberu?" akauliza.

"Beberu alilichinja mwanangu na wenzake wakalila. Alinieleza mwenyewe nilipokwisha kutoa taarifa. Ngozi aliitupa kwa mama yake mdogo akidhani ni kichakani. Nikaogopa. Nikisema, atafungwa mtoto, au nitafungwa mimi kwa kudanganya serikali. Nyumbani ningejua la kufanya, ningekata isale. Lakini kule polisi sikujua nimpelekee nani."

Hapo ndipo wale wamama wa vitenge walipoanza kulia, wote kwa pamoja, na mzee wa ukoo akavua miwani akaifuta kwa shati. Kwa miezi kadhaa walikuwa wamemsusa mtu kwa kosa ambalo hakulifanya, au tuseme alilifanya kwa kuiamini mila yao kuliko wao wenyewe.

Inspekta alikuwa mtu mwema. Alisimama akasema, "Mheshimiwa, kazini kwangu sijawahi kukutana na hili," akaomba kuiondoa kesi. Mama Felista akaachiwa huru. Kisha hakimu akamgeukia Kanuti na kuanza kumkaripia kwa kukaa na ukweli huku mtu asiye na hatia anasota, akamkaripia kisawasawa, mpaka akasema anafikiria amweke ndani kidogo ajifunze. Mama Felista, ambaye alikuwa ameshaambiwa aende, akanyanyua mkono kule kizimbani.

"Mheshimiwa, nakuomba usimweke ndani. Namhitaji. Ana mahari ya kupokea."

Hakimu akamtazama, akamtazama Kanuti, akamtazama mtu mmoja aliyevaa viatu vya rangi mbili akiwa amejiinamia mezani anajifuta macho kwa leso nyekundu. Akasema mahakama inaahirishwa.

Nje, Mzee Shabani alinirudishia kofia na fimbo. Nilitegemea hotuba. Alisema, "Leo umekaa," akaenda zake Majengo. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, na nimepewa nyingi, hasa na mimi mwenyewe.

Mnauliza ningewafundisha nini. Kuleni kabla ya kesi, mtori ni mzuri, unakaa tumboni bila kelele. Msalimieni karani kabla ya hakimu. Mtazameni shahidi mikono, mdomo atautunza lakini mikono huisahau. Na mkisimama mbele ya mtu aliyenyamaza, msidhani daima anaficha uovu. Wengine wamebeba kitu, hawajui pa kukiweka.

Jumapili iliyofuata nilialikwa Kibosho. Nilikwenda na viatu vyangu, vikaharibika vyote kwa tope, na sikujali. Kanuti alikuja baada ya misa, mzee wa ukoo pembeni yake na yule mwanawe mla beberu nyuma, ameinamisha kichwa. Mkononi Kanuti alikuwa na isale bichi lenye fundo. Alisimama uani, akalinyoosha.

"Shemeji," alisema.

Mama Felista alikuwa anakoroga mbege. Aliacha kukoroga, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele yake. Mila inasema halikataliwi, lakini hakuna mila inayosema lipokelewe haraka, na yule mama alilala mahabusu, akatembea njia za Kibosho miezi mizima akinyooshewa kidole. Alimtazama Kanuti mpaka mimi nikaanza kuhesabu vifungo vya koti langu. Neema alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kifua.

Mwishowe akanyoosha mikono miwili, akalichukua.

"Nimelipokea," alisema. "Na usiwe na hofu, shemeji. Lako mimi silipeleki polisi."

Kanuti alicheka mpaka akakaa kwenye gogo, na kicheko kikageuka kilio, mwili wote unatetemeka. Mama Felista akalichomeka isale kwenye ukingo wa dari, juu ya mlango, akachota mbege, akanywa yeye kwanza, kisha akamshikisha kata kwa mikono yake mwenyewe, maana ya Kanuti ilikuwa haishiki.